Makuli wa Pamba wa New Orleans

Meli ya pamba ilijazwa ngamani, kusikofika jicho la abiria. Huko ndiko walikoshinda makuli weusi wa New Orleans, joto kali, vumbi la pamba puani. Robota moja lina kilo mia mbili na ushei. Enzi za jeki za skrubu walilisukuma likabanana na wenzake hadi pasibaki pa kupenyeza mkono. Jeki ikichomoka, mtu kavunjika mfupa. Faida ya robota la ziada ilikuwa ya mwenye meli, si yao.

Nguvu tunaisifu upesi. Mimi nawastahi zaidi kwa vikao. Weusi walikuwa na vyama vyao vya wafanyakazi na weupe vyao, na waajiri walijua kuwagombanisha kwa kushusha ujira wa upande mmoja. Viongozi wa pande zote wakakubaliana kugawana kazi nusu kwa nusu, katika mji ambao tangu 1902 tramu zilitenga viti kwa rangi.

Oktoba 1907 wenye meli walitaka marobota 200 kwa siku kwa kila kundi. Makuli wakasema 160. Bandari ikasimama takriban wiki tatu. Ulipofika wakati wa kusuluhisha, vyama viliteua wajumbe wanne: weupe wawili, weusi wawili. Waajiri wakaja juu, eti hawakai meza moja na weusi. Wajumbe hawakubadilishwa.