Gego la Tembo Halipimwi kwa Macho

Wandugu, hapa Kolwezi kila mchimbaji anajua: jiwe likiwa kijani, usianze kuhesabu makuta. Lipeleke kwanza likapimwe.

Kwa magego ya tembo, wasomi hawakungoja sana. Mwaka 1973 Vincent Maglio alilinganisha magego ya tembo wa kale. Kadiri miaka ilivyopita, taji lilirefuka, mabamba yakaongezeka, enameli ikawa nyembamba. Kazi safi. Lakini kutoka pale jibu la haraka likazoeleka: gego refu, basi mnyama ni mla nyasi.

Mwaka 2013, katika jarida la Nature, Adrian Lister aliweka vipimo vya magego ya Afrika Mashariki kando ya alama za kaboni zilizobaki ndani ya meno. Nyasi na majani ya miti yanaacha alama tofauti. Ikaonekana walianza kula nyasi sana miaka milioni 8 hivi iliyopita; magego yakarefuka kama miaka milioni 3 nyuma yake. Tabia njo ilitangulia, mwili ukafuata.

Nguvu ya makala hii ni mashahidi wawili. Mpaka wake: inasema juu ya vizazi na vizazi, haisemi juu ya mnyama mmoja. Tembo wa leo ana magego marefu, lakini anakula sana majani ya miti na magome. Ukiokota gego kule Upemba, urefu peke yake utakudanganya.

Weye unayeandika memwari, shahidi wako wa pili iko wapi?