Vidole Viwili vya Mwenda

Kwetu Koboko, wazee wengi bado hukihesabu Kiswahili kuwa lugha ya askari, ya amri na vitisho. Mimi nilikipenda kwa sababu ya gitaa. Dukani kwa mjomba wangu mjini Arua palikuwa na kanda ya Jean-Bosco Mwenda, mpigaji wa Katanga aliyeimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili.

Sikiliza "Masanga", uliorekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Mpigaji ni mmoja na gitaa ni moja, kavu, lisilo na umeme. Kidole gumba kinashika besi bila kuyumba. Cha shahada kinatembeza sauti ya juu, mara kinamwitikia mwenziwe, mara kinamkatiza. Ukiusikia mara ya kwanza utaapa kuwa wapigaji ni wawili.

Wenzangu humpendelea Franco na OK Jazz. Sibishani nao: magitaa yale yanayopokezana huinua ukumbi mzima. Lakini huko kazi imegawanywa. Mwenda anaibeba peke yake, kama mpiga adungu wa Kialur anayejibizana na nyuzi zake mwenyewe.

Darasani tunahakiki maneno ya wimbo na kuliacha gitaa nje, kana kwamba ni pambo. Hapo tunakosea. Kabla sijaelewa hata neno moja la Mwenda, gitaa lake lilikuwa limekwisha kuniambia kwamba lugha hii inajua pia kubembeleza.