Dawa, Ziduo na Kampaundi: Maoni Juu ya Istilahi za Upimaji wa Magome

Katika makala kadhaa zinazohusu upimaji wa magome ya miti, tumeona kasoro inayostahili kusahihishwa. Waandishi hulitumia neno dawa kwa kila hatua ya kazi hiyo, tangu gome linapobanduliwa mtini hadi mgonjwa anapotibiwa.

Uwanja wa neno hili ni mpana mno. Tuna dawa ya tumbo, inayoliponya tumbo, na dawa ya panya, inayomwua panya. Kioevu kilichoua seli za saratani katika kisahani cha maabara ni dawa kwa maana ya pili tu. Huenda kikaziua pia seli nzima za mgonjwa. Lakini msomaji aliyeuguliwa nyumbani hulielewa neno kwa maana ya kwanza, akaacha hospitali na kwenda kununua magome.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zifuatazo:

(a) Kinachopatikana kwa kuloweka gome katika maji au alkoholi kiitwe ziduo. Ziduo ni mchanganyiko wa vitu vingi.

(b) Kitu kimoja kilichotengwa humo kiitwe kampaundi. Kukiita "mchanganyiko" ni kinyume cha maana. Kikiwa ndicho kiathiricho seli, kiitwe kampaundi tendaji, wala si "kampaundi hai", kwa kuwa hakina uhai.

(c) Dawa libakie jina la kile kilichothibitishwa kwa wagonjwa.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Gome la Taxus brevifolia lilikusanywa Marekani mwaka 1962. Wall na Wani wakatangaza muundo wa kampaundi yake, taksoli, mwaka 1971. Ikaidhinishwa kutibu saratani ya ovari mwaka 1992. Njia hiyo ilichukua miaka 30. Maitansini, iliyotangazwa na Kupchan na wenzake mwaka 1972 kutokana na mmea wa Ethiopia, kisha ikatafutwa katika Milima ya Shimba, Kenya, iliua seli kwa ukali mkubwa. Hata hivyo haikufaulu kwa wagonjwa kwa sababu ya sumu yake. Kampaundi iliyotokana nayo, ikiwa imeambatishwa na kingamwili, ndiyo iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa saratani ya matiti.

Mwandishi ambaye angaliiita maitansini dawa mwaka 1972 angaliwapotosha wagonjwa. Ambaye angaliiita kampaundi tendaji angalisema kweli siku ile, na kauli yake ingalisimama hadi leo.