Baiskeli Isiyotoka Chumbani

Anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani imeharibika. Gurudumu la nyuma limeng'olewa na kuegemezwa ukutani, na mnyororo umevishwa kwenye giya za mashine nzito iliyotuama sakafuni. Ndani ya mashine hiyo mna sumaku zinazotumia umeme na gurudumu la chuma linalozunguka. Mwendeshaji akikanyaga pedali, nguvu yake hupimwa kwa wati na kutumwa kwenye kompyuta bila waya. Kompyuta nayo hupiga hesabu ya uzito wake na mwinuko wa barabara iliyo kwenye kioo, kisha huiamuru mashine ikaze au ilegee. Mlima ukianza kwenye kioo, mapaja yanaujua.

Kampuni ya Wahoo ilitoa mashine yake ya KICKR mwaka 2012, na miaka miwili baadaye Zwift ya California ikafungua ulimwengu wake wa kubuni. Leo mbio zinaanza humo usiku na mchana, na wengi wanaozishiriki hawalipwi hata senti. Ni walimu, mafundi, madaktari waliotoka zamu, wazazi wanaosubiri watoto walale ndipo wavae viatu. Wapo wanaowabeza kwamba wanacheza gemu tu. Wanaobeza hivyo hawajawahi kukaa juu ya tandiko hilo dakika kumi za mashindano.

Adui wa kwanza ni joto. Mwili wa binadamu hugeuza robo tu, au pungufu ya hapo, ya nishati unayoitumia kuwa nguvu ya kusukuma pedali. Iliyobaki yote ni joto. Anayesukuma wati 250 hutoa wati 750 au zaidi za joto, karibu sawa na pasi ya umeme. Barabarani upepo huliondoa, chumbani hakuna wa kuliondoa. Kwa hiyo mshindani mzoefu hukiandaa chumba kwa uangalifu mkubwa: feni moja mbele ya kifua na nyingine ubavuni, taulo juu ya usukani ili jasho lisile chuma, na chupa mbili za maji pale mkono unapofika bila macho kubanduka kwenye kioo.

Saa ya kuanza ikifika, hakuna kungojana. Dakika ya kwanza huwa kali kupita kiasi, na kuna sababu: programu humpunguzia mzigo wa upepo yule tu aliyejibanza nyuma ya wenzake. Aliyezubaa sekunde mbili kundi limeshamtoka, na akiwa peke yake atatoa wati nyingi zaidi kwa mwendo uleule. Ndiyo maana wazoefu huanza kukanyaga kwa nguvu kabla saa haijafika sifuri.

Kisha inakuja kazi ya akili, na hapa ndipo ufundi ulipo. Hakuna bega la jirani la kuligusa, wala mlio wa giya unaokuonya kwamba fulani anataka kutoroka. Kuna namba. Pembeni mwa kioo wamepangwa wapinzani, kila mmoja na wati anazotoa kwa kila kilo ya uzito wake. Mzoefu akiona namba ya mtu inaruka kutoka 3 hadi 6, anajua shambulizi limeanza kabla picha haijaonyesha pengo. Anakaza sekunde kumi, anamshika, halafu analegeza mara moja asije akachomoza mbele na kuanza kuwakingia wengine upepo. Kukaza kila mtu anaweza. Kulegeza kwa kipimo hicho, huku moyo ukidunda mapigo 175 kwa dakika, ni ustadi wa kuheshimiwa. Isitoshe, ishara huchukua kitambo kidogo kusafiri kutoka kwenye pedali hadi kwenye kioo, hivyo mbio za kumalizia huanza mapema kuliko macho yanavyoshauri.

Mchezo mzima umejengwa juu ya uaminifu. Mwenye kilo 60 akitoa wati 240 na mwenye kilo 75 akitoa wati 300, mlimani watakwenda karibu sawa, kwa kuwa kila mmoja anatoa wati 4 kwa kilo. Lakini uzito huo mtu hujiandikia mwenyewe. Anayejipunguzia kilo 5 anaiba, na wanaouheshimu mchezo hupanda mzani kabla ya mbio hata pasipo kuulizwa. Mwaka 2019 British Cycling, shirikisho la baiskeli la Uingereza, ilimvua taji bingwa wa mashindano yake ya kwanza ya taifa ya aina hii, ikamfungia miezi 6 na kumtoza faini ya pauni 250. Baiskeli bora ya kidijitali aliyoitumia ilipatikana kwa programu iliyojiendesha, si kwa miguu yake. Adhabu ilistahili.

Mlima unaotajwa kuliko yote ni Alpe du Zwift, nakala ya Alpe d'Huez ya Ufaransa: kona 21, kilomita 12 na ushei, na mwinuko wa zaidi ya mita 1,000. Ndoto ya wasiolipwa ni kuupanda chini ya saa moja. Muda wa kila kona huonyeshwa, na sekunde nane zilizopotea kona moja zinadaiwa kona inayofuata.

Tarehe 9 Desemba 2020 Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio hizi. Ashleigh Moolman Pasio wa Afrika Kusini alishinda kwa wanawake. Kwa wanaume alishinda Mjerumani Jason Osborne, mpiga makasia, ambaye mwaka uliofuata alitwaa medali ya fedha ya kupiga makasia katika Olimpiki ya Tokyo. Mwaustralia Jay Vine alipata mkataba wa kulipwa kwa kushinda mchujo wa Zwift Academy. Mwaka 2022 akawa bingwa wa dunia wa mbio za ndani, na Agosti ya mwaka huohuo akashinda hatua mbili za mbio za barabarani za Vuelta a España, zote zikimalizikia mlimani.

Wengi hawatafika huko, wala si hilo wanalolitafuta. Wanataka Jumanne ijayo wabaki na kundi kwenye mlima uleule walipoachwa wiki hii. Kwa ajili hiyo wanapitia wati zao dakika kwa dakika, wanatafuta ni wapi walikanyaga bure wakiwa mbele ya kundi, wanachagua giya ya kuuanzia mlima, wanasogeza feni karibu zaidi, na jina lao linaingia kwenye orodha ya mbio zinazofuata.