Malenga na Mwanachuoni: Sheria za Sheikh Amri Abedi Zatazamwa Tena

Watu wamebishana tangu zamani kama mshairi huzaliwa au hufundishwa. Wale wasemao kwamba huzaliwa hawampendi mwanachuoni aingiaye ngomani na kuanza kuhesabu hatua za wachezaji. Walakini mara kwa mara hutokea mtu mmoja aliye yote mawili: hutunga, na tena hupima. Mtu wa namna hii hulaumiwa pande zote. Washairi humwona mkavu, na wanavyuoni humwona mtu wa kupendezwa na nyimbo. Nia yangu katika makala haya ni kumtazama mmoja wao, Sheikh Kaluta Amri Abedi, na kuuliza sheria zake za ushairi ziliandikwa kwa ajili ya nani. Nadhani tumezoea kuzisoma kinyume.

Kabla ya kumfikia Sheikh Amri, yafaa tumkumbuke mwenziwe wa zamani sana. Callimachus alizaliwa katika karne ya nne kabla ya Kristo, huko Cyrene, mji wa Wayunani katika nchi tuiitayo leo Libya. Kwa lugha alikuwa Myunani, lakini kwao kulikuwa Afrika. Aliishi Iskandaria na kufanya kazi katika maktaba yake kuu, ambamo alitengeneza orodha ya waandishi wa Kiyunani iliyojaza vitabu 120. Katika orodha hiyo alieleza habari za kila mwandishi, maneno yanayofungua kila kitabu, na hata idadi ya mistari yake. Mtu huyo huyo alitunga mashairi ya kusifu miungu na tungo fupi za kuwakumbuka wafu. Alipolaumiwa kwamba hatungi utenzi mmoja mrefu wa wafalme na mashujaa, alijibu kwa shairi kwamba utungo upimwe kwa ustadi, usipimwe kwa urefu.

Jambo la kuzingatia ni mahali alipofanyia kazi hiyo. Mtu wa Athens aliyesikia nyimbo za kwao tangu utotoni hakuhitaji orodha. Masikio yake yalikuwa ndiyo maktaba. Aliyeihitaji ni yule aliyekaa ng'ambo ya bahari, akiipenda lugha ambayo visima vyake vya kwanza vilikuwa mbali. Elimu ya ushairi huzaliwa hapo: pale ambapo wimbo umesafiri hata ukafika kwa watu wasiozaliwa katika ua wake.

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ujiji ni mji wa Waswahili, lakini ni mji wa Waswahili ulio kando ya Ziwa Tanganyika, mwisho wa njia ya misafara, na Waha wameuzunguka. Ushairi wa pwani ulifika bara kwa vinywa vya wasafiri na, baadaye, kwa kurasa za magazeti kama Mambo Leo, lililoanza kutolewa mwaka 1923. Sheikh Amri alikuwa mwanachuoni wa dini, na alikuwa miongoni mwa waliosaidia katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa mwaka 1953. Mwaka uliofuata, 1954, kikatoka kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kushika umeya wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki Oktoba 1964, akiwa na umri wa miaka arobaini tu.

Jina la kitabu chake lastahili kusomwa lote. Watu hulikata katikati, wakataja Sheria na kuisahau Diwani. Mwenyewe aliviweka pamoja makusudi: kwanza akaeleza vina, mizani na ulazima wa shairi kuimbika, kisha akatoa tungo zake ili zipimwe kwa kipimo kile kile. Hakimu wa kawaida hajihukumu mwenyewe. Huyu alijiweka kizimbani mbele ya wasomaji wake, na hiyo ndiyo tabia ya fundi anayefungua karakana yake ili mwanafunzi aone nyundo na kilichofuliwa.

Je, mwanafunzi huyo ni nani? Mtoto wa Mombasa au Lamu alikuwa akikipata kipimo cha shairi kwa sikio, arusini na mauledini, kabla hajalijua neno mizani. Kumwambia kwamba mshororo una mizani kumi na sita, nane kwa nane, ni kumwambia habari za nyumbani kwake. Lakini mtazame mtoto wa Nyarubungo, huku Ngara na Biharamulo. Lugha za Washubi na Wahangaza ni ndugu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Katika jamii hiyo ya lugha irabu huweza kuwa fupi au ndefu, na urefu huo waweza kubadili maana ya neno. Katika ushairi wa Kinyarwanda wa kusifu ng'ombe, wataalamu wamekwisha kuonyesha kwamba kipimo hufuata urefu huo huo. Washairi wa Kiyunani nao walipima hivyo, kwa silabi fupi na ndefu. Basi sikio la mtoto wa Nyarubungo, kwa jambo hili, limekaribiana na sikio la Callimachus kuliko lilivyokaribiana na la Muyaka bin Haji wa Mombasa.

Mtoto huyu akija kwenye shairi la Kiswahili hukuta kila silabi ina uzito mmoja. Hukuta pia kwamba neno mtu lina mizani miwili, maana m husimama peke yake, ingawa yeye nyumbani husema umuntu. Akihesabu kwa sikio alilozaliwa nalo atakosea, naye hatajua alipokosea. Kwake yeye sheria iliyoandikwa ni mlango. Bila hiyo angebaki nje akisikiliza wenzake wakiimba.

Ndiyo maana nasikitika nionapo kitabu hiki kikitumiwa kama ukuta. Mtungaji wa bara huleta shairi, nalo hurudishwa kwa neno moja: halikufuata sheria za Amri. Kumbe mwenye sheria naye alikuwa mtu wa bara, na aliziandika ili watu wa mbali waingie.

Haina maana kwamba kitabu hakina upungufu. Kipimo alichokitukuza Sheikh Amri ndicho kilichokuwa kimekomaa katika mikono ya Muyaka, aliyefariki mwaka 1840. Lakini Kiswahili kilikuwa na vipimo vingine kabla ya hapo. Utumbuizo, kwa mfano, una mishororo mirefu isiyolingana. Mwenye kusoma Sheria peke yake aweza kudhani kwamba ushairi wote wa Kiswahili ulizaliwa ukiwa na mizani kumi na sita. Hapo mpimaji alikipima chumba kimoja akakiita nyumba.

Upungufu huo ulikuja kujazwa na watu wa bara wenyewe. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe alitoa Kichomi, akaacha vina na mizani, na ubishi mkubwa ukawaka. Mwaka 1976 Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi walitoa Malenga wa Bara. Sidhani kwamba jina hilo lilikuja kwa bahati, miaka mitano tu baada ya Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir. Kisha wawili hao wakaandika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Tazama umbo la jina: kunga kwanza, diwani baadaye, sawasawa na alivyofanya Sheikh Amri. Waliyapanua mafundisho yake kwa kuufuata mwenendo wake. Tena Mulokozi, mzaliwa wa Kagera, aliipatia shahada yake ya udaktari, mwaka 1986, utafiti wa tendi za nanga za Wahaya. Hivyo mpimaji wa Kiswahili akarudi kuusikiliza uzi wa nyumbani.

Orodha ya Callimachus imepotea, isipokuwa vipande. Hata hivyo, waliomfuata walijifunza kwake kwamba kuhesabu mistari ya mwingine ni namna ya kuipenda. Nadhani Sheikh Amri alikuwa na upendo huo. Mwalimu afundishaye mizani leo Nyarubungo asianze kwa kusema hili si shairi. Na amwulize mtoto kwanza nyumbani kwao huimbwa nini na hupimwaje, ndipo amfungulie Sheria za Amri, na Diwani yake pamoja.