Kodi ya Chanika, nauli ya Kariakoo

Dalali wa Dar es Salaam huanza kwa kuuliza bajeti. Ukimtajia 80,000 kwa mwezi, anakupeleka Chanika. Ukimtajia 150,000, mnazunguka Buguruni na Ilala. Mtu hujiona ameokoa 70,000 kwa kukubali kukaa mbali, na hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Tumchukue kijana anayeuza dukani Kariakoo, siku 26 kwa mwezi, anayetafuta chumba kimoja chenye choo ndani. Bei zifuatazo ni za mfano, kila mtu aweke zake. Akiwa Chanika anatoka kwa bodaboda hadi barabarani, 1,000, kisha daladala ya 1,100. Kwenda na kurudi ni 4,200 kwa siku, sawa na 109,200 kwa mwezi. Ongeza kodi: 189,200. Akiwa Buguruni anapanda gari moja tu. Nauli ya chini ya daladala ilipandishwa Desemba 2023 kutoka 500 hadi 600, kwa hiyo anatumia 31,200 kwa mwezi. Pamoja na kodi ya 150,000 inakuwa 181,200. Chumba cha "bei ya juu" kimemgharimu pungufu kwa 8,000, na hatujagusa saa anazopoteza kwenye foleni ya Pugu Road.

Basi kwa nini watu wenye akili zao wanaendelea kuhamia mbali? Sababu ni mkupuo. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, na dalali anadai mwezi mmoja wake. Chanika hiyo ni 560,000, Buguruni ni 1,050,000. Nauli inatoka kidogokidogo, siku kwa siku, kutoka kwenye pesa ya siku hiyohiyo. Kodi inadaiwa yote kwa pamoja, tena kabla hujalala hata usiku mmoja. Anayekwenda pembezoni mara nyingi anaijua hesabu vizuri. Kilichomshinda ni ile milioni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dalali liwe la miezi, mtaa ufuate. Wapo wenye nyumba wanaopokea miezi mitatu, hasa chumba kikishakaa wazi muda. Mitatu Buguruni pamoja na ya dalali ni 600,000, tofauti ya 40,000 tu na ile miezi sita ya Chanika. Kwa maoni yangu, kulipa mitatu kuna thamani zaidi kuliko kupunguziwa 10,000 ya kodi, ingawa wapangaji wengi humaliza nguvu zote kwenye hiyo 10,000.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mteja wa nyumbani aliye kwenye daraja la D1 hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Daraja la kawaida, T1, ni 292. Vyumba vinne vikichangia mita moja, kila kimoja kikatumia uniti 30 tu, jumla ni 120, na nafuu ya D1 hapo haipo. Wewe uliyetumia 30 ungelipa 3,000 kwa mita yako mwenyewe. Sasa ni 8,760. Bado hatujasema habari ya jirani mwenye friji ya kuuzia barafu ambaye anataka mchango uwe sawa kwa sawa.

Mvua nayo ina upande. Jangwani ikijaa maji, Barabara ya Morogoro hufungwa, na aliyepanga Magomeni au Kimara kwa sababu ya mabasi ya mwendokasi anakwama ng'ambo ya Mto Msimbazi. Ilala na Buguruni ziko upande mmoja na Kariakoo. Lakini ukishuka bondeni kuelekea mtoni kodi nayo inashuka, na sababu utaiona ukutani: mstari wa tope la masika. Muulize muuza genge maji yalifika wapi. Mwenye nyumba atakwambia hayajawahi kufika.

Dalali atapenda mkaone chumba Jumapili alasiri, barabara zikiwa nyeupe na maji bombani yanatoka. Mlipe pesa yake ya kukutembeza, kisha rudi peke yako Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, usimame kituoni na uhesabu daladala ngapi zinapita zimejaa kabla hujapata ya kupanda.