Mwaka 2025 Ulifika, Yaoundé Ikabaki Pale Pale

Les Saignantes ni hadithi ya mwaka 2025. Jean-Pierre Bekolo aliitoa 2005, wakati miaka ishirini mbele ilikuwa mbali kiasi kwamba mtu angeweza kuweka chochote huko: magari yanayopaa, roboti, jiji la vioo. Yeye aliweka Yaoundé usiku, wasichana wawili, na maiti ya mkubwa wa serikali. Sasa 2025 imeshapita. Oktoba ya mwaka huo Cameroon halisi ilipiga kura, na Paul Biya, akiwa na miaka 92, akatangazwa mshindi kwa mara ya nane. Amekalia kile kiti tangu Novemba 1982. Watu waliingia barabarani kule Douala kupinga matokeo, na kuna waliouawa.

Kwa hivyo sasa ndio wakati mzuri wa kuitazama hii filamu. Ila mtu akikuambia Bekolo ni nabii, mwambie atulie kidogo. Nabii huona kitu ambacho hakijakuwepo. Bekolo alitazama kilichokuwa mbele ya macho yake, akakisogeza miaka ishirini bila kukibadilisha. Hiyo ndiyo sai-fai yake yote, na kwangu ndiyo sababu inauma.

Hadithi yenyewe ni hivi. Majolie (Adèle Ado) anatafuta tenda ya serikali. Njia ya kuipata inapitia kitandani kwa mzee anayeitwa SGCC, Katibu Mkuu wa Ofisi ya Rais, au kitu cha karibu na hicho. Katika tukio la kwanza Majolie ananing'inia hewani kwa kamba na mikanda juu ya huyo mzee, anashuka na kupanda, na mzee anakufa katikati ya raha zake. Majolie anampigia simu rafiki yake Chouchou (Dorylia Calmel), na usiku mzima wawili hao wanahangaika na mwili. Wanaupeleka kwa mwenye bucha, unakatwakatwa. Baadaye wanatambua kwamba mkubwa kama huyo lazima afanyiwe matanga ya kifahari, na matanga bila mwili ni shida. Basi kichwa wanacho, kilichobaki ni kutafuta kiwiliwili mochari.

Jina la filamu limetoka hapo hapo buchani. Kwa Kifaransa, nyama ikiwa saignante ni ile iliyoguswa tu na moto, ukiikata bado ina damu. Hao ndio wasichana wetu: wameivishwa nusu na jiji, bado wabichi, bado wanavuja.

Ukiwa umezoea sai-fai ya Hollywood, utauliza iko wapi hapa. Hakuna chombo cha angani. Kuna neoni za buluu, kijani na nyekundu, picha ya dijitali, usiku usioisha, na uhariri unaokatakata matukio kama video ya muziki. Bekolo alisomea mambo ya runinga Ufaransa na anajua kukata picha kuliko wengi. Pesa hazikuwa nyingi, hiyo inaonekana. Lakini huo ufukara wa mandhari unafanya kazi. Jiji la kesho linafanana na la leo kwa sababu wenye jiji hawajaondoka. Wazee ni wale wale, sema wamezeeka zaidi. Kitu pekee kilichosonga mbele ni jinsi ya kuwastarehesha.

Halafu kuna yale maandishi. Kila baada ya muda filamu inasimama na kutupa swali kwenye skrini, na kila swali linahusu aina fulani ya filamu na kwa nini haiwezekani hapa. Utatengenezaje filamu ya wakati ujao katika nchi isiyo na wakati ujao? Utatengenezaje ya mapenzi mahali mapenzi hayawezekani? Ya upelelezi, pale ambapo kupeleleza ni marufuku? Ya kutisha, pale ambapo kifo ni sherehe? Hilo la mwisho halihitaji mkalimani Kenya. Sisi ndio wenye disko matanga.

Wengine wataona maandishi hayo ni ujanja wa mtu aliyekosa hadithi. Mimi naona ndipo filamu inapokuwa mkweli. Aina za filamu tunazozipenda zilikuja na masharti yake. Ili upelelezi uende, lazima kuwe na askari anayeweza kukamata mkubwa. Ndani ya Les Saignantes kuna polisi kijana anayenusa kwamba kuna kitu hakiko sawa, na hafiki mahali, kwa sababu kufika kungekuwa kumkamata bosi wa bosi wake. Hadithi ya upelelezi inafia mikononi mwake na tunaitazama ikifa. Vivyo hivyo kwa sai-fai: inahitaji watu wanaoamini kwamba kesho itakuwa tofauti na leo. Bekolo anauliza, ukiinyima jamii hiyo imani, filamu itatoka ikiwa na sura gani? Inatoka hivi: ina giza, ina kelele, inaruka, inarudi palepale.

Lugha nayo. Ni Kifaransa, lakini Majolie na Chouchou hawaongei kile cha darasani. Wanakikunja, wanakichanganya, wanakitumia kama sisi tunavyotumia Sheng: kujificha kutoka kwa wazee na kujichekesha wenyewe. Wazee wa filamu wana Kifaransa cha vyeo na vifupisho. Wasichana wana maneno ambayo hao wazee hawayafikii. Hata ukisoma manukuu pekee unasikia tofauti hiyo kwenye kasi ya sauti zao.

Sasa tuongee kuhusu miili, maana hapo ndipo mimi na Bekolo tunagombana. Kamera inawapenda hawa wasichana kupita kiasi. Inawafuata wakivaa, wakivua, wakicheza, wakitembea barabarani usiku. Najua utetezi: filamu inaonyesha serikali inayotawala kwa kula, kunywa na kulala na watu, kwa hivyo lazima ionyeshe miili. Sawa. Lakini kuna sehemu ambapo jicho la kamera na jicho la SGCC ni moja, na filamu haijui kama inamsuta mzee au inamuazima kiti. Yule mubaba wa Yaoundé angefurahia nusu ya hizi picha.

Bekolo anajaribu kulijibu hilo kwa Mevoungou. Hii ilikuwa ibada ya siri ya wanawake wa Kibeti, kusini mwa Cameroon, iliyofanywa kijiji kikipatwa na mikosi ili kukisafisha, na wanaume hawakuruhusiwa kukaribia. Ndani ya filamu Mevoungou inapita katika sauti ya msimulizi, katika kundi la akina mama, katika ngoma za mikono ambazo wasichana wanacheza bila hata kujua wamezitoa wapi. Nguvu inayowashinda wakubwa mwishoni inatoka huko. Ni wazo zuri sana: teknolojia ya 2025 ni ya mabibi zao. Shida ni kwamba filamu inaliacha kwenye ukungu. Tunajua vizuri mzee alikufa vipi, hatujui vizuri wasichana wameshindaje. Ningependa dakika tano kutoka kwa zile za neoni wapewe hao akina mama.

Mapokezi yake yanasema mengi pia. Ilioneshwa Toronto 2005. Kule nyumbani wakaguzi wa serikali waliizuia, lalama kubwa ikiwa ponografia. Fikiria: filamu inaonyesha serikali inayotumia miili ya wasichana, na serikali inachokasirikia ni kuonekana kwa miili. Mwaka 2007 FESPACO ya Ouagadougou iliipa Farasi wa Fedha, tuzo ya pili kwa ukubwa, na Ado na Calmel wakagawana tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Na Bekolo hakutulia: 2013 alitoa Le Président, kuhusu rais mkongwe anayetoweka siku chache kabla ya uchaguzi. Hiyo ilipigwa marufuku Cameroon.

Sisi tunajua huo mchezo. Rafiki ya Wanuri Kahiu ilifika Cannes 2018 huku nyumbani ikiwa imepigwa marufuku, mpaka Mahakama Kuu ikaipa siku saba za kuonyeshwa. Na ni Wanuri huyo huyo aliyetengeneza Pumzi, 2009, dakika kama ishirini za Afrika Mashariki baada ya maji kuisha. Ukiziweka Pumzi na Les Saignantes pamoja unaona njia mbili. Pumzi inaamini kwamba mbegu inaweza kuota, hata kama anayeipanda lazima afe. Bekolo hana mbegu. Ana maiti, na swali la nani ataizika.

Nimetaja Biya mwanzoni na sikutaka iwe mzaha wa umri. Msichana aliyezaliwa Yaoundé mwaka filamu ilipotoka alipiga kura yake ya kwanza ya urais 2025, na kwenye karatasi akakuta jina ambalo wazazi wake walizaliwa na wengine wao kukua chini yake. Tangu nursery tunaambiwa sisi ni viongozi wa kesho. Majolie na Chouchou pia waliambiwa, nadhani. Filamu inawaonyesha wakiwa wamefika hiyo kesho na kukuta wazee wameikalia, na mlango wa kuingilia ni chumba cha kulala.

Swali la mwisho analoweka Bekolo kwenye skrini linatuhusu sisi: utatazamaje filamu kama hii halafu usifanye chochote? Kwa miaka ishirini hilo lilikuwa swali la sinema. Vijana wa Douala walilijibu Oktoba 2025, wengi wao pengine bila kuwahi kuiona. Itafute uitazame, usiku, na mtu wa kubishana naye. Ina kasoro na nimezitaja, lakini baada yake utachoka na sai-fai ambayo ina magari ya kupaa na haina hata mzee mmoja wa kumwondoa kitini.